Shukrani kwa mama wa karafuu, Wete

Mama, jina lako sikuliuliza. Wewe ndiye uliyekuwa umekaa na wanao barazani njia ya kwenda Wete, mkichambua karafuu, nami napita kwa miguu kutoka shuleni ninakofundisha kwa kujitolea. Kwetu ni Nakuru, Kenya. Siku ile ilikuwa ya kuzaliwa kwangu, na hakuna mtu Pemba nzima aliyejua.

Nilikuamkia shikamoo, ukaitika, ukanitazama. "Mwanangu, mbona mnyonge?" Nikakwambia. Hukunipa pole nyingi. Ulisogea, ukanipa nafasi kwenye jamvi, ukanionyesha namna ya kutenga karafuu na makonyo yake. Mikono ikipata kazi, moyo nao hupumua. Mimi niliuhisi pale pale.

Kisha ukaja mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Kipande cha kwanza ukanipa mimi, watoto wakangoja, tena bila kununa! Ukaniombea dua ya umri mrefu wenye kheri, ingawa nilikwambia mimi ni Mkristo.

Lakini kubwa ni simu. Mama yangu alipopiga, uliniomba uzungumze naye. "Dada, mwanao yuko kwao, lala usingizi." Alilia, mama, na hakuwa amelala vizuri tangu niondoke.

Ahsante sana. Kila akipiga ananiuliza kama nimekufikishia salamu zake. Ijumaa hii nitapita, na majani ya chai ya Kericho aliyokutumia ninayo.