Barua kwa Hamisi: habari ya masizi

Sendai, Japani
Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamisi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, nikacheka peke yangu ndani ya basi mpaka bibi mmoja akageuka kunitazama. Eti nimevuka bahari kuja kutengeneza masizi! Ndiyo, bwana, ndiyo kazi yangu. Na gesi ninayotumia ni hiyohiyo ya gereji kwako, asetilini.

Si unajua ukiwasha tochi kabla hujafungua oksijeni? Zile nyuzi nyeusi zinazopaa, kisha zinamwangukia mteja aliyevaa shati jeupe? Ile ni kaboni iliyokosa oksijeni ya kuungua nayo. Sisi tunaiwekea mtego. Unga mweupe uitwao zeolaiti unawekwa ndani ya bomba la kwatzi, bomba linapita katikati ya tanuri la umeme. Hewa yote inafukuzwa kwa naitrojeni, joto linapanda hadi nyuzi 600 hivi, ndipo asetilini inapitishwa, kidogo mno. Inapenya ndani ya unga, inavunjika, na kaboni inaganda humohumo.

Huo unga ndio ulioniteka. Punje moja imejaa vyumba vya saizi moja, vimepangwa kuliko masega ya nyuki. Chumba kina upana wa nanomita 1.3 hivi, mlango wake 0.74, na nanomita ni milimita moja uliyoigawa mara milioni. Wewe uliyewahi kusubu alumini utanielewa upesi: zeolaiti ni kalibu. Kaboni ikishajaa, kalibu inayeyushwa kwa asidi, na palipokuwa na kuta pote panabaki matundu. Ni kama umimine saruji nyepesi kwenye kichuguu, ikishika uuoshe udongo wote, ubaki na njia za mchwa mkononi.

Waliofungua mlango huu ni watu wa hapahapa Sendai, Takashi Kyotani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mwaka 1997. Kaboni ya namna hii ikitoka vizuri, gramu moja ina kuta za zaidi ya mita za mraba 3,000. Kuna waliokaribia 4,000. Yaani gramu 2 tu zinakupa uwanja mzima wa mpira. Faida yake? Katika kapasita kubwa za kuhifadhia umeme, chaji hukaa ukutani. Ukuta mwingi, chaji nyingi.

Sasa cheka vizuri. Mwezi uliopita niliona nyuzi 600 zinanichelewesha, nikapandisha hadi 850. Unga ukatoka mweusi, unang'aa, nikaupiga picha kwa furaha. Kumbe asetilini ilivunjika kwa pupa, kaboni ikaziba milango kabla ya kufika vyumba vya ndani. Nilichooka kilikuwa mawe yaliyopakwa lami. Kalibu ilipotolewa, kilichobaki hakikufika hata mita za mraba 500 kwa gramu. Wakorea, kundi la Ryong Ryoo, waliutafutia ugonjwa huu dawa mwaka 2016: walitia ayoni (chembe zenye chaji) za metali iitwayo lanthanamu ndani ya vyumba, kaboni ikaanza kuota ndani kwa joto la chini, nje ikabaki safi. Mimi dawa yangu kwa sasa ni kutogusa kile kitufe cha joto.

Asidi yenyewe, nikwambie kweli, naiogopa. Ni haidrofloriki. Inaweza kukudondokea usisikie kitu, saa kadhaa baadaye ndipo maumivu yanaanza, imeshapenya ndani inatafuta kalsiamu ya mwili wako. Siku ya asidi navaa glavu mbili na kinga ya uso, jeli ya kalsiamu iko mezani, na siingii peke yangu. Mama usimsimulie habari hii. Mpe shikamoo yangu tu, mwambie nakula vizuri na koti nimenunua.

Shemeji naye msalimie, na huyo kijana mpya wa gereji mpe miwani ya kuchomelea. Kwenye picha uliyonitumia amefumba macho!

Naishia hapa. Tanuri nililiacha likipoa tangu mchana na sasa litakuwa chini ya nyuzi 50. Naenda kuona kama safari hii gesi imeingia ndani.

Rafiki yako,
Juma