Majibu ya vipimo vya mifugo yarudi kwa mfugaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie suala la Serikali kufuatilia magonjwa ya mifugo, hasa hapa mkoani Tabora, ambako makundi ya ng'ombe huhamahama kutafuta malisho na maji, na hivyo homa ya mapafu na ugonjwa wa miguu na midomo huenea kwa urahisi. Tatizo ninaloliona ni kwamba taarifa hupanda kutoka kijijini, lakini majibu hayashuki.

Kiangazi kilichopita ng'ombe wangu watatu walitokwa na udenda, wakachechemea na kuacha kula. Afisa mifugo alifika kwa pikipiki, akachukua sampuli, akaiweka kwenye kisanduku chenye barafu na kuondoka, nami hadi leo sijaambiwa walikuwa na nini. Jirani yangu aliyashuhudia hayo. Mbuzi wake walipoanza kuharisha na kutokwa na kamasi, dalili zinazofanana na za sotoka ya mbuzi na kondoo, hakumwita mtu, bali aliwapeleka mnadani. Mfugaji akiacha kutoa taarifa, ugonjwa haujulikani ulipo; hata sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ilisakwa pia kwa kuwasikiliza wafugaji.

Naishauri Wizara ya Mifugo na Uvuvi iagize kwamba majibu ya kila sampuli, hata yasiyoonyesha ugonjwa, yatumwe kwa mfugaji kwa ujumbe wa simu, na muhtasari wake ubandikwe mnadani na katika ofisi ya kijiji pamoja na maelekezo ya hatua za kuchukua.

Mfugaji,
Sikonge, Tabora