Mwanangu, kabla dhamana ya gari haijakwisha

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumai hujambo. Ujumbe wako nimeupata. Dhamana ya gari lako la spoti inakwisha baada ya miezi mitatu, gari bado unalipenda, na kila unayemuuliza anakwambia uliuze haraka kabla halijakugeuka. Jibu langu utalipata, ila kabla yake chukua ile bahasha ya risiti uimwage mezani.

Zigawe mafungu mawili. Fungu moja liwe la pesa zilizotoka mfukoni mwako: tairi, pedi na diski za breki, oili, plagi. La pili liwe la kazi ulizofanyiwa bure kwa dhamana. Ukilikuta la pili limekonda, usishangae. Dhamana hulipia kasoro ya kiwandani, hailipii kuchakaa. Tairi za nyuma zilizokwisha baada ya kilomita 15,000, pedi zilizobaki milimita 3, klachi iliyoungua kwa kuondoka kwa kishindo, vyote vilikuwa mzigo wako tangu siku ya kwanza na vitaendelea kuwa wako. Usivitaje kama sababu ya kuuza. Kinachoondoka siku dhamana inapokatika ni kinga, hasa ya vitu vitatu vikubwa: injini, giaboksi, na vifaa vya umeme na kompyuta zake. Basi swali lako ni hili tu: kazi moja kubwa ikikuangukia, utaweza kuibeba bila kukopa, na bila kuliuza gari kwa bei ya kutupa likiwa limefunguliwa nusu gereji?

Isome pia karatasi yenyewe. Dhamana nyingi hukatika kwa tarehe au kwa kilomita, lolote litangulie, kwa hiyo safari ndefu moja inaweza kukumalizia kilomita wakati tarehe bado. Tena usichanganye dhamana na huduma za kawaida zilizolipiwa. Ferrari, kwa mfano, huwapa wanunuzi wa magari mapya huduma za ratiba kwa miaka 7, ilhali dhamana yake ya kawaida ni ya miaka 3. Oili ya bure mwaka wa sita haimaanishi injini bado ina mdhamini.

Hii miezi mitatu ndiyo mali yako kubwa sasa. Gari lipimwe mwanzoni mwake, si wiki ya mwisho. Majibu ya oili huchukua muda, spea huagizwa, na mara ya kwanza fundi anaweza kukuandikia kwamba hakuona tatizo. Unahitaji nafasi ya kurudi mara ya pili.

Anza na kuliwasha likiwa baridi. Lilaze usiku kucha, asubuhi fungua boneti, simu iwe inarekodi, ndipo mtu mwingine awashe. Mlio wa kugongagonga wa sekunde mbili tatu unaopotea oili ikishapanda mara nyingi hutoka kwenye cheni ya taimingi au tenshena yake, yaani kifaa kinachoikaza. Moshi wa bluu wakati wa kuwaka ni oili iliyoshuka usiku, kupitia sili za valvu au za turbo. Lakini injini za bapa, kama za Porsche 911, huweza kutoa moshi kidogo asubuhi bila ugonjwa wowote, kwa sababu silinda zimelala. Injini ikitetemeka dakika ya kwanza kisha ikatulia, na ni ya kudungia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, wazia kwanza masizi kwenye valvu za kuingizia hewa: petroli haizipitii kuziosha. Masizi hayo husafishwa kwa kupulizia punje za maganda ya jozi, na kazi hiyo mara nyingi haimo kwenye dhamana.

Halafu wafungue bamba la chini. Wasikupe jibu la kuchungulia kwa tochi. Magari haya yamefunikwa chini kote, na oili inaweza kukaa juu ya bamba muda mrefu bila tone kufika sakafuni. Unyevu wa oili pale injini inapokutana na giaboksi huelekeza kwenye sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini. Ukoko uliokauka, mweupe au wa rangi ya kulanti (maji ya kupozea injini), pembeni ya pampu ya maji au kwenye viungo vya mipira, ni uvujaji mdogo unaokauka kabla hujauona. Shokapu iliyolowa oili, hasa zile zinazoongozwa kwa umeme, iandikwe. Hiyo peke yake huweza kuwa bei ya seti nzima ya tairi.

Kabla ya kusoma kompyuta, chaji betri ijae. Ikiwa imetulia isome volti 12.6 au zaidi. Chini ya 12.4 unaweza kupata orodha ndefu ya makosa ya uongo na fundi akakulaumu kwa kutoliendesha gari. Na usiyafute makosa nyumbani kwa kifaa chako. Kosa lililohifadhiwa hubeba taarifa zake, mzunguko wa injini, joto na kasi ya wakati ule, na hizo ndizo ushahidi wako.

Sasa oili, na hapa nitakaa kidogo, maana ndicho kipimo cha bei nafuu kinachosema mengi. Siku ya kubadilisha, oili iwe ya moto na iwe imetembea angalau kilomita 5,000. Achia ya mwanzo imwagike, chota sampuli katikati ya mkondo kwa chupa safi, uipeleke maabara. Chuma kikizidi, fikiria silinda, cheni au krenki. Alumini ni pistoni. Shaba na risasi ni beringi. Silikoni huashiria vumbi lililopita filta ya hewa, na sodiamu au potasiamu hukwambia kulanti imeingia. Namba moja iliyo juu si hukumu. Linganisha na sampuli ya pili baada ya kilomita elfu chache. Filta ya oili nayo usiwaachie waitupe. Ikate, ikunjue ile karatasi yake yote, iache ichuruzike, uitazame juani. Vumbi la rangi ya fedha unalolihisi kwa shida kati ya vidole ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa ncha ya ukucha si vya kawaida. Pitisha sumaku: vinavyoruka ni chuma, vinavyobaki ni alumini au ganda la beringi.

Gari likiwa limekimbizwa sana, ongeza kipimo cha kuvuja kwa silinda. Plagi hutolewa, pistoni ikawekwa juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, kisha upepo wa kompresa huingizwa na kuangaliwa asilimia inayopotea. Chini ya 10 ni vizuri. Ikipita 20 utafute sababu kwa masikio. Upepo ukisikika kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni. Mapovu kwenye tanki la kulanti ni gasketi ya hedi. Plagi zikiwa nje hivyo, waingize na kamera ya waya waone kuta, kwa kuwa silinda iliyochubuka inaweza kufaulu kipimo cha mgandamizo: oili iliyomo huziba mwanya.

Giaboksi yako ni ya klachi mbili, kwa hiyo mtihani wake ni mwendo wa kinyonga. Panda kilima kidogo taratibu bila kukanyaga gesi sana, kisha rudi rivasi kilima hichohicho. Kutikisika kwa vipindi huashiria klachi au oili iliyochoka. Kishindo cha kuingia gia kinaweza kuwa cha kitengo kinachoongoza shinikizo la oili. Fundi akikuambia oili yake ni ya maisha yote, muulize maisha ya nani. Na ikibadilishwa, usawa wake hupimwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda. Ikipimwa ya baridi hujazwa vibaya na giaboksi huweza kuchemka.

Kila ulichokiona kiandikwe kwenye karatasi ya kazi, kwa tarehe na kilomita, kwa maneno yako: "mlio upande wa kushoto, injini baridi, sekunde 3, video imekabidhiwa." Si "mteja anasikia kelele." Wakisema hawakuona kitu, waandike hivyo na wagonge muhuri. Mikataba mingi huiheshimu kasoro iliyoripotiwa kabla ya mwisho wa dhamana hata kama itatengenezwa baadaye, lakini iliyoripotiwa kwa mdomo haipo. Waulize pia kama kuna agizo la kiwanda la kurudisha gari kwa ajili ya usalama. Kwa kawaida hilo ni jambo tofauti na dhamana, wala halikatiki nayo.

Jua maradhi ya aina yako, mwaka kwa mwaka, kwa sababu majina ya magari hudanganya. Porsche 911 na Boxster zenye injini za M96 na M97, za kabla ya 2009, zilijulikana kwa beringi ya shafti ya kati inayoweza kusambaratika na kuiua injini. Injini mpya ya 911 iliyokuja baada yao haina shafti hiyo kabisa. Kwenye nyingi za mwanzo, beringi hubadilishwa siku ya kazi ya klachi, giaboksi ikiwa tayari chini. BMW M3 yenye injini ya S65 ya V8 huogopwa kwa beringi za konrodi, yaani vyuma vinavyounga pistoni na krenki; beringi hizo hubadilishwa kutokea chini, sampu (bakuli la oili) ikishatolewa, kwa sehemu ndogo ya bei ya injini nyingine. Ndiyo maana naliogopa zaidi gari ambalo ugonjwa wake haujajulikana kuliko lile lenye ugonjwa mbaya wenye dawa. La kwanza huwezi kulipangia bajeti.

Watakuuzia nyongeza ya dhamana. Fungua moja kwa moja ukurasa wa vinavyotengwa. Mkataba unaosema "tunalipia vyote isipokuwa hivi" una nguvu; unaosema "tunalipia hivi tu" utakuta sili, gasketi, mipira na sensa hazimo, na huko ndiko magari haya yanakovuja na kulalamika. Tazama kikomo cha dai moja, bei ya saa ya fundi wanayoikubali, na nani analipa kufungua injini ikiwa dai litakataliwa. Tazama madhara ya kufuatana: pampu ya maji ikifa na kuchemsha injini, wanalipa pampu au wanalipa injini? Watengenezaji wengi hutaka nyongeza yao inunuliwe kabla ya ile ya kwanza kukatika, vinginevyo ukaguzi unaugharimia wewe. Na kama uliwahi kubadilisha programu ya injini, usitegemee kwamba kuirudisha ya kiwandani kutakusafisha. Kompyuta nyingi huhifadhi idadi ya mara zilizoandikwa upya.

Tupige hesabu. Bei ambayo gari lako lingeuzwa leo tuiite 100. Tuseme nyongeza ni 3 kwa mwaka, giaboksi ni 15, injini ni 35. Mkataba wenye kikomo cha dai cha 10 unakulinda na pampu na sensa, ambazo ungeziweza mwenyewe, kisha unakuacha peke yako siku ya giaboksi. Huo usinunue. Mkataba wa mtengenezaji usio na kikomo hicho, kwa 3 hiyohiyo, ununue, hasa miaka miwili ya mwanzo. Ukikosa huo, weka kando 15 kwenye akaunti usiyoigusa, ukijua kwamba injini bado iko juu ya akiba hiyo na kwamba kinga yako kwake ni vile vipimo vya oili na silinda.

Basi shauri langu, baba, ni hili: ukipata majibu safi ya oili na silinda, na ile 15 ukawa nayo, baki nalo. Kushuka kwa bei kukubwa kumeshapita, na umeshalipia. Ukiwa huna 15, au hakuna fundi karibu nawe anayeijua giaboksi hiyo mbali na gereji ya mtengenezaji, uza, na uuze sasa dhamana ikiwa na miezi ndani yake. Mnunuzi anailipia hiyo. Kuuza wiki mbili baada ya kukatika ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote: umebeba hasara ya kushuka bei na hukupata kuliendesha.

Ukibaki nalo, ratiba inabadilika. Oili kila kilomita 10,000 au mwaka, hata kama kompyuta inakuruhusu zaidi. Mafuta ya breki kila miaka 2: hunyonya unyevu, na daraja la DOT 4 la mafuta hayo, linalotakiwa lichemke kwa nyuzi 230 likiwa jipya, linaruhusiwa kushuka hadi 155 likishalowa. Ondoa majani mbele ya rejeta za pembeni. Soma zile tarakimu nne ubavuni mwa tairi, 2321 maana yake wiki ya 23 ya 2021, na zikipita miaka 6 zibadilishe hata kama kashata bado zimejaa. Diski za kauri usizipime kwa unene peke yake. Nyingi zimeandikwa uzito wa chini, nazo hupimwa kwenye mizani.

Piga simu wiki hii upate nafasi ya gereji, na uombe gari lilale kwao usiku mmoja ili waliwashe wenyewe likiwa baridi. Chupa ya sampuli na filta ya zamani uondoke navyo mkononi.

Ni mimi mama yako.