Taa ya ABS imewaka: usikimbilie kukata waya

Kila mvua za mwezi wa tisa zikianza hapa Bukavu, swali linalotufikia garaji ni lile lile: "Fundi, taa ya ABS imewaka, lakini freni inakamata vizuri. Si muiondoe tu?" ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapokanyaga freni kwa nguvu. Kuiondoa taa yake ni kazi ya dakika chache, na mjini wapo wanaoifanya. Sisi hatuifanyi.

Tairi hushika barabara ikiwa bado inazunguka. Ukikanyaga freni kwa nguvu kwenye matope na gurudumu likagoma kuzunguka, gari linateleza, na usukani hauna kazi tena: unakata kushoto, gari linaendelea mbele kuelekea mtaroni. ABS ipo kwa ajili ya dakika hiyo. Haiongezi nguvu ya freni, inakuachia uwezo wa kukwepa.

Karibu na kitovu cha gurudumu kuna sensa inayosoma pete yenye meno. Kompyuta ndogo inalinganisha mwendo wa magurudumu. Ikiona moja linapungua kasi ghafla kuliko gari lenyewe linavyoweza kupungua, inajua linakaribia kukwama. Inafunga vali ili presha ya mafuta ya freni isizidi, ikibidi inafungua nyingine presha ishuke, gurudumu linazunguka kidogo, kisha presha inarudi. Hayo yote hufanyika mara nyingi ndani ya sekunde moja, hata mara 15. Mfumo huu uliingia kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, ukiwa umetengenezwa na Bosch, na kazi yake ya msingi haijabadilika.

Wakati huo pampu inasukuma mafuta kuyarudisha juu, ndiyo maana pedali inatetemeka na kunguruma chini ya mguu. Madereva wengi hushtuka na kuachia. Wengine, hasa waliojifunza kwenye Land Cruiser za zamani zisizo na ABS, wanapiga-piga freni kama walivyofundishwa. Kwenye gari lile ilikuwa sawa kabisa. Kwenye gari lenye ABS unajinyima presha mwenyewe: kanyaga mpaka mwisho, shikilia, kata usukani.

Tuseme na upande wa pili. Kwenye changarawe au mawe yaliyolegea, gurudumu lililokwama hujikusanyia kokoto mbele yake na kupata kizuizi. ABS inavunja hilo, na gari linaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Ukiteremka Ngomo kuelekea Kamanyola, weka vitesi (gia) ndogo mapema, injini ilishike gari. Kompyuta haitakufanyia hiyo kazi.

Sasa taa. Ile ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, freni za kawaida bado zipo. Kompyuta imeona kasoro ikajizima. Unaweza kuja garaji polepole. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya freni, na freni ya mkono umeishusha, simama pembeni uangalie mafuta ya freni.

Sababu tunayoikuta zaidi ni uchafu. Juzi tulivua sensa ya mbele ya RAV4 iliyokuwa imetoka bondeni: ncha yake ina sumaku, na ilikuwa imeota ndevu za chembe za chuma zilizoshikamana na udongo mwekundu mkavu. Tulitumia kitambaa na mswaki wa zamani, tukarudisha, tukafuta kosa kwa skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Tulipozunguka mtaa taa haikuwaka tena. Mwenye gari alikuwa ameshatajiwa bei ya kompyuta nzima. Mara nyingine ni waya uliokatika pale unapojikunja kila usukani unapogeuzwa. Au beringi mpya: kwenye magari mengi ya sasa pete ni ya sumaku na imo ndani ya beringi, fundi akiigeuza upande, sensa haisomi kitu. Hata tairi ya akiba yenye kipimo tofauti inaweza kuichanganya kompyuta.

Mafuta ya freni ndiyo yanayotuudhi. Yananyonya unyevu wa hewa, na Bukavu unyevu haukosekani. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka hadi 155, na mteremko mrefu unaweza kuyafikisha hapo. Maji hayo hayo yanaleta kutu kwenye vali za ABS, ambazo ni ghali kuliko chupa kumi za mafuta. Badilisha kila miaka 2. Na jamani, msijazie mafuta ya injini: raba za ndani zinavimba, na hapo hatuna la kusafisha.

Kama unanunua gari la mtumba, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya ABS lazima iwake, izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa au imezibwa. Wajanja zaidi huiunga na taa ya betri ili ziwake na kuzima pamoja. Angalia kama zinazima kwa wakati mmoja mara tu injini inapowaka.

Ukija kwetu, usichomoe betri kwanza. Kwenye baadhi ya magari hilo linafuta kosa lililohifadhiwa, na sisi tunabaki kutafuta gurudumu lipi bila dalili.