Mkaa wa maganda: pimeni maji kwanza

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako muda mrefu bila kuandika, lakini habari yenu ya wanafunzi wanaogeuza maganda ya matunda ya soko la Buguruni kuwa mkaa mbadala imenishinda kuinyamazia. Mmeonyesha projekta, mmeonyesha watoto wameshika vipande vyeusi, mmemsifu mwalimu kwa kuingiza teknolojia kwenye baiolojia. Hamkuandika kilo ngapi za maganda zilitoa kilo ngapi za mkaa, na bila hesabu hiyo msomaji hajaambiwa kitu.

Hesabu yenyewe ni hii. Robo tatu ya ganda bichi la chungwa, au zaidi, ni maji. Kilo 100 zikikauka sawasawa zinabaki 20 hadi 25. Zikichomwa kwenye pipa lililobanwa hewa, mkaa unaotoka ni robo ya uzito huo au zaidi kidogo: kilo 5 hadi 7. Ganda la tikiti maji ndiyo kabisa, zaidi ya asilimia 90 ni maji. Kulisomba kwa kirikuu kutoka sokoni ni kulipia mafuta ya gari ili ubebe maji. Maganda ya ndizi yanaungua, ila majivu yake ni mengi na yamejaa potasiamu, kwa hiyo faida yake iko shambani kuliko jikoni. Kinacholipa ni vifuu vya nazi kavu, na jiji hili halivikosi. Makumbi mabichi ya wauza madafu ni habari nyingine, nayo yamelowa.

Na somo la baiolojia liko hapo hapo. Kifuu ni kigumu kwa sababu seli zake zina kuta nene zenye lignini nyingi, ile dutu inayoupa mti ugumu. Tikiti ni seli zenye kuta nyembamba na vakuoli, yaani kifuko cha ndani ya seli, kubwa iliyojaa maji. Zile chengachenga zinazokwaruza meno ukila pera ni seli za aina ile ile ya kifuu. Mpe mwanafunzi hadubini, kipande kidogo cha pera kilichopondwa kwenye slaidi, kile kioo chembamba cha hadubini, na tone la maji, ataona mwenyewe kwa nini hiki kinatoa mkaa na kile hakitoi. Video ya projekta inampa jibu kabla hajauliza swali.

Utengenezaji nao mmeupitia kwa sentensi mbili. Pipa la lita 200 hutobolewa chini, likajazwa malighafi iliyokauka, likawashwa. Moshi mzito mweupe ni maji yanayotoka. Ukigeuka wa manjano, lami inatoka. Ukiwa mwembamba wa buluu, ziba matundu kwa udongo, funika, acha hadi kesho. Ukifungua pipa likiwa bado la moto, mkaa unawaka na unabaki na majivu. Vipande vyenye rangi ya kahawia havijaiva. Ndivyo vitakavyotoa moshi jikoni, virudishwe kwenye pipa. Kisha saga, chekecha, changanya na uji wa unga wa muhogo, kama kilo 1 ya unga kwa kilo 15 hadi 20 za mkaa, ufinyange vipande. Unga lazima upikwe mpaka uji uvutike na kung'aa, maana chembe za wanga hazishiki chochote mpaka zivimbe kwa joto na maji, na unga mbichi utaacha vipande vinavyomeguka mkononi. Siku ya kwanza vikae kivulini juu ya chanja, kwani jua kali hukausha ngozi ya nje na kuvipasua. Wakati wa masika wanga huo huo unakuwa chakula cha ukungu. Vimekauka lini? Uzito wa leo ukilingana na wa jana.

Lakini kilichonikera kuliko yote ni ile sentensi yenu kwamba mkaa huu hauna moshi, kwa hiyo ni salama ndani ya nyumba. Hapana, Mhariri. Mkaa wowote unaowaka, wa mkambala au wa maganda, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashikamana na hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu anapoanza kuumwa kichwa na kulegea huenda hata nguvu za kufika mlangoni hana. Katika shule moja ya upande huu wa Temeke wanafunzi waliwasha jiko la majaribio darasani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, wakatoka na vichwa vinavyogonga. Darasa hilo hilo lilikuwa limeshafundishwa hemoglobini, kwa picha zinazotembea ukutani! Nchi ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hatutafika kwa kuwaambia mama zetu kwamba kukosekana kwa moshi ni usalama.

Na vishikwambi? Walimu waligawiwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kamera yake ikiwekwa sawasawa juu ya lenzi ya hadubini, darasa zima linaona seli moja kwa wakati mmoja. Shule ngapi zinafanya hivyo? Nyingi ninazozijua zinavitumia kusomea maandishi tu, na hadubini imefunikwa kitambaa kabatini.

Naomba mawili. Kwanza, habari kama hii isichapishwe bila uzito wa aina tatu: maganda mabichi, maganda makavu, na mkaa. Shule ambayo haijapima isubiri mpaka ipime. Pili, mfadhili anayetaka kupeleka projekta ya pili anunue badala yake mizani ya kilo 10, boksi la slaidi na chupa ya iodini ya duka la dawa ya kutia seli rangi. Mizani ifungwe kwa mnyororo kwenye meza ya maabara, ufunguo akae nao kiranja wa maabara, na isihamishiwe ofisini kwa mkuu wa shule.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam