Haikuwa spika iliyopasuka

Ndugu Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita msomaji wako mmoja aliandika kwamba muziki wa granji (roki ya magitaa mazito iliyotoka jiji la Seattle) na roki mbadala wa Marekani ulikuwa kelele za vijana wa kizungu walioshiba, kwamba ulidumu miaka minne ukafa pamoja na waimbaji wake, na kwamba sisi Waafrika ulituachia fulana tu za kununua soko la Owino. Kiswahili chake ni kizuri na hoja zake amezipanga vizuri. Hata hivyo naomba nafasi nimjibu, maana muziki huo nimeishi nao karibu miaka thelathini.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Walukuba, Jinja. Kazi nilianza kujifunza mwaka 1995, nikiwa na miaka 17, kwenye kibanda cha mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Siku moja dereva wa trela aliyekuwa akitoka Mombasa kwenda Kampala alituletea redio kaseti yake, akasema inakwaruza. Mzee akaifungua. Akasafisha hedi kwa spiriti, bado inakwaruza. Akabadilisha mpira unaozungusha kanda, bado. Akafunga spika nyingine aliyoichomoa kwenye redio ya mteja, bado. Mwishowe akatia kanda ya Franco, na gitaa likalia safi, kila uzi ukausikia peke yake. Akamwambia dereva, "Mwanangu, redio yako nzima. Kilichoharibika ni hii kanda." Dereva akalipa akaenda zake, kanda akatuachia.

Niliichukua mimi. Haikuwa na jalada wala jina. Nikaisikiliza nyumbani usiku kwa betri nilizokuwa nimezianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo, na ilinichukua siku tatu kugundua jambo ambalo mzee wangu hakuligundua. Spika iliyopasuka hukwaruza kila kinachopita ndani yake: sauti ya mtu, ngoma, besi, vyote. Katika kanda ile ngoma zilikuwa safi. Besi ilikuwa safi. Gitaa peke yake ndilo lililokwaruza, tena kwa zamu: kwenye beti linatulia, unasikia vidole vikigusa nyuzi, kisha kiitikio kinafika na linaingia limechafuka lote, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kumbe kuna mtu aliyekaa akaamua iwe hivyo. Alikuwa ameisukuma amplifaya kupita uwezo wake mpaka vilele vya mawimbi ya sauti vikakatika, akaupenda mkatiko huo, akautumia kama seremala anavyotumia tupa. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuipenda kazi yangu. Baadaye sana nikajua kwamba kanda ile ilikuwa Nevermind ya Nirvana, iliyotoka Septemba 1991, na Januari 1992 ikamwondoa Michael Jackson kwenye nafasi ya kwanza ya mauzo Marekani.

Sasa hili la kushiba. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, na mwenzake Krist Novoselic waliianzisha bendi yao Aberdeen, mji wa wakata magogo katika jimbo la Washington, ambako kazi za mbao zilikuwa zikipungua wao wakiwa vijana. Baba yake Cobain alikuwa fundi wa magari, mama yake aliwahi kuhudumu mezani hotelini. Chris Cornell wa bendi ya Soundgarden, kabla ya kula kwa sauti yake, alifanya kazi kwa wauza samaki wa jumla Seattle, na sisi tunaoishi karibu na mwalo wa Masese hatuhitaji kuelezwa kazi hiyo ikoje. Nilipoisoma habari ya Aberdeen niliiona Walukuba. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukaleta viwanda, viwanda vikaleta watu wa kila kabila wakajazana kwenye nyumba hizi hizi, ndiyo maana mimi, mwana wa Mjapadhola na mama Mganda, nimekulia ndani ya Kiswahili. Baada ya 1972, Amin alipowafukuza Wahindi, mashine zikaanza kusimama moja moja. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo. Kwa miaka mingi nilimwona akiamka saa kumi na moja alfajiri, ananyoa ndevu, anavaa ovaroli, kisha anaketi barazani, kwa kuwa hakuna geti linalomsubiri. Mtoto aliyekulia nyumba ya namna hiyo ukimpa gitaa, usitegemee akupigie muziki wa harusi.

Kuhusu fulana, ndugu yangu ana haki. Ile ya Nirvana yenye uso wa njano unaocheka na macho ya herufi X naiona kila wiki, na kijana wa boda aliyeivaa pale Amber Court aliponiambia hajui kwamba ni ya bendi, niliumia. Lakini kosa si la bendi. Wale vijana wa Seattle walivaa mashati mazito ya drafti kwa sababu kwao kuna baridi na mvua, na kwa sababu yalipatikana kwa bei ya chini kwenye maduka ya nguo zilizokwisha kuvaliwa. Mivumba, kama tunavyosema huku. Wabunifu wa mitindo wa New York ndio waliokuja kuyashona upya na kuyapandisha jukwaani kwa bei ya matajiri, mwaka 1992.

Suala la vifo ni zito na sitalipita mbio. Andrew Wood wa bendi ya Mother Love Bone alifariki mwaka 1990 kwa heroini. Cobain alijitoa uhai Aprili 1994 akiwa na miaka 27. Layne Staley, mwimbaji wa Alice in Chains, aliuawa na dawa za kulevya Aprili 2002, Cornell akafuata kwa mkono wake mwenyewe Mei 2017. Sitetei heroini, wala simvumilii anayepamba kifo cha Cobain kama ushujaa. Aliacha mtoto ambaye hajatimiza hata miaka miwili. Ninachokataa ni kusema kwamba kuimba maumivu ni kufundisha kukata tamaa. Sisi wa Uganda tuna mwimbaji wetu Philly Lutaaya. Mwaka 1989 alisimama mbele ya taifa zima akasema ana UKIMWI, akaimba upweke na hofu yake, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nakumbuka watu wazima wakilia mbele ya redio ya jirani. Nani leo atasema Lutaaya alitufundisha kukata tamaa? Najua ugonjwa si sawa na sindano. Lakini sikiliza albamu ya Dirt ya mwaka 1992: Staley anaimba kama mtu aliye ndani ya shimo anayekueleza shimo likoje, wala hakuambii ushuke.

Na si kweli kwamba muziki wenyewe ulikufa. Pearl Jam walitoa albamu mpya mwaka 2024. Mudhoney, waliokuwepo kabla Nirvana haijajulikana, bado wanapiga. Dave Grohl aliinuka kutoka kwenye ngoma za Nirvana akaanzisha Foo Fighters, nao wamejaza viwanja kwa miaka mingi kuliko Nirvana ilivyoishi.

Nikubaliane naye mahali pamoja zaidi. Baada ya mafanikio ya Nirvana kampuni kubwa za muziki zilifurika Seattle na mikataba, kila kijana mwenye nywele ndefu akaitwa studio, na miaka iliyofuata tukaletewa waigaji wengi wanaounguruma bila kuwa na la kusema. Tena naona Nirvana wamepewa sifa ya wengine. Ule mtindo wa kutulia kisha kulipuka Pixies wa Boston walikuwa nao mapema, na Cobain mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akijaribu kuwaiga. Mimi ukiniuliza kazi moja ya kuokoa nyumba ikiungua, nitashika Jar of Flies ya Alice in Chains, iliyotoka Januari 1994. Ni nyimbo saba tu, zilizorekodiwa kwa muda wa kama wiki moja, nyingi zikiwa na gitaa kavu lisilo la umeme. Staley na Jerry Cantrell wanaimba sauti mbili zinazokwenda bega kwa bega, karibu sana hata unashindwa kujua ipi inaongoza, kama waimbaji wa kwaya waliokesha matangani. Nikijaribu spika mpya ya mteja huanza na hiyo. Spika mbovu huzichanganya zile sauti mbili zikawa moja.

Urithi ninaouthamini kuliko yote ni wa kazi. Bleach, albamu ya kwanza ya Nirvana, ilirekodiwa na Jack Endino kwa dola 606 na senti 17. Steve Albini, aliyerekodi In Utero ya Nirvana mwaka 1993, alikataa kulipwa asilimia ya mauzo akijua wazi kwamba yangekuwa makubwa. Aliiandikia bendi kwamba anataka alipwe kama fundi bomba: afanye kazi, apewe thamani ya kazi, basi. Barua hiyo nimeiandika kwa mkono na kuibandika ukutani kibandani kwangu, na wateja wanaouliza naitafsiri. Pearl Jam nao, mwaka 1994, wakiwa juu kuliko bendi zote, waliishtaki Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, kwa serikali kwa sababu walitaka tiketi yao isifike dola 20 na vijana maskini waingie. Wawili wao wakaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Walishindwa, uchunguzi wa serikali ukafungwa mwaka 1995, na ziara zao zikaharibika kwa kukosa kumbi. Ningependa msomaji wako anitajie msanii mkubwa wa leo, wa huko au wa kwetu Kampala, aliyekubali hasara ya namna hiyo kwa ajili ya mtu wa kiti cha nyuma.

La mwisho ni hili la vijana wa kizungu, na hapa ndipo barua yake iliponiuma. Seattle ndipo alipozaliwa Jimi Hendrix. Mpiga gitaa wa Soundgarden, Kim Thayil, ni mtoto wa wazazi waliotoka Kerala, India. Nirvana walipofunga onyesho lao la gitaa kavu New York, Novemba 1993, waliufunga usiku kwa wimbo waliojifunza kwa Lead Belly, mtu mweusi wa Louisiana. Na kabla ya hao wote kujulikana, mwaka 1983, mwanamke mweusi aitwaye Tina Bell alikuwa mbele ya bendi ya Seattle iitwayo Bam Bam, akiimba juu ya magitaa haya haya mazito. Mpiga ngoma wao wa awali alikuwa Matt Cameron, ambaye baadaye alipigia Soundgarden kisha Pearl Jam. Cameron dunia inamjua. Tina Bell aliacha muziki, akafariki mwaka 2012, na katika makala nyingi za historia ya granji nilizosoma hayumo hata kwa mstari mmoja. Binti yangu wa miaka 15 anapiga gitaa la besi kanisani, na nilipomwonyesha picha ya Tina Bell kwenye simu aliishika kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimtafutie nyimbo zake.

Kwa hiyo, Mhariri, ukurasa wako wa muziki ukirudi tena kwenye mjadala huu, naomba jina hilo lichapishwe, nalo lianze na T kubwa na B kubwa kama majina ya wengine.

Wako,
Fundi wa redio,
Walukuba, Jinja