Mdogo wangu, pete ya kwanza haikuwa na kasoro

Mdogo wangu mpendwa,

Naandika hapa kwa kuwa simu zangu hupokei, na wa kukufikishia maneno yangu hawakosekani.

Siku ile shemeji alipokuvisha pete ulicheka kile kicheko chako cha utotoni, mkono mdomoni. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Kisha ukaichukua simu, ukaanza kuperuzi picha za wenzako waliochumbiwa, na katikati yake likajitokeza tangazo la vito. Ukanyong'onyea papo hapo. Mpiga picha alipokuomba uonyeshe mkono, uliukunja ukauficha kwenye nguo. Shemeji aliona. Hilo ndilo lisilonitoka moyoni. Aliona, akainamisha kichwa, na haikuchukua muda akaenda kukopa ili akununulie pete nyingine yenye jiwe kubwa zaidi.

Nani alikufundisha kwamba mapenzi hupimwa kwa jiwe? Si mama, wala si bibi. Mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa matangazo wa kampuni ya N. W. Ayer huko Marekani, aliiandikia De Beers, kampuni ya kuuza almasi, kaulimbiu kwamba almasi ni ya milele. Kufikia miaka ya 1980, matangazo ya almasi yalikuwa yakimwambia mwanaume kwamba mshahara wa miezi miwili si mwingi kwa pete. Kipimo hicho kiliwekwa na muuzaji, mdogo wangu! Wewe ukakipokea kama wosia wa wazee.

Wala si wewe peke yako, ndiyo maana siwezi kukuchukia. Watafiti waliochunguza nchi 27 za Ulaya, kuanzia 1980 hadi 2011, walikuta kwamba fedha za matangazo zikiongezeka, katika miaka inayofuata watu huwa hawaridhiki na maisha yao kama mwanzo. Sishangai. Nilikuona mwenyewe ukiwa na furaha tele, ikayeyuka kabla hata picha hazijapigwa.

Acha kuzifuata zile kurasa. Simu inakumbuka ulichokitazama jana, na kesho itakuletea kikubwa zaidi. Ukiridhika, wao watamuuzia nani?

Unasema nilikuaibisha kwa kumwambia shemeji mbele ya wazazi asikope. Ningemwambia lini, akishatia saini? Watu wazima waliokuwa pale waliona wote, wakanyamaza wote. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, halafu nikae kimya nikitazama mnaingia kwenye ndoa na deni? Ukubwa wangu ungekuwa wa nini?

Sasa nasikia mnazungumzia gari, kwa sababu majirani wamebadilisha lao. Deni la jiwe bado halijaisha. Keti na mumeo, simu mkiwa mmeziweka mbali, umuulize alijisikiaje ulipoukunja ule mkono. Hukuwahi kumuuliza. Mimi nilimuuliza.

Kwa niliyoyasema siombi radhi. Ila nina akiba kidogo, na riba hailali. Mwambie shemeji anipigie, tulimalize hilo deni.

Dada yako